Natafuta Siku Isiyo na Jambo

Nina malalamiko dhidi ya ubao. Ni ubao mweusi wa shule, umeegemezwa kwenye ukuta wa kijiwe cha kahawa mtaani kwetu Manzese, mahali ambapo huwezi kwenda kupanda daladala bila kuupita. Kila alfajiri mwalimu mmoja mstaafu huujaza kwa chaki: hali ya hewa, maadhimisho ya leo, jambo lililotokea zamani tarehe kama hii, na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, sehemu anayoiita "Je, wajua?". Wenzangu wanausifu kwamba unaelimisha jamii. Mimi nasema unanionea, kwa sababu tangu uwekwe pale sijapata siku ambayo ni siku tu, ya mtu kuamka, kutafuta riziki, kurudi na kulala bila kudaiwa kitu na dunia.

Chukua mwezi wa Machi, ambao kwa mkazi wa Dar es Salaam ni mwezi wa kuachwa apumue. Mapema mwezi huo jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi wetu, hata aliyesimama wima hukosa kivuli, na Mwalimu hakusita kulitangaza hilo, akaongeza kwamba litarudi tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Sikuona faida yake. Tuliokuwa tunachomwa bila taarifa sasa tunachomwa tukiwa na taarifa, na joto halikupungua hata nyuzi moja. Tarehe 8 ikawa Siku ya Wanawake Duniani, na mama watoto, ambaye hupita kijiweni akienda sokoni, akarudi na kitenge cha sare ambacho bei yake nilikatazwa kuiuliza kwa heshima ya maadhimisho. Tarehe 20 ilikuwa Siku ya Furaha Duniani, kwa azimio la Umoja wa Mataifa. Asubuhi hiyo nilimpa kondakta noti ya elfu kumi, akaniuliza kama nimetumwa kumharibia kazi. Nilipomkumbusha kwa adabu kwamba leo dunia nzima inafurahi, alijibu kwamba basi dunia ishuke, ipande gari jingine. Tarehe 22, Siku ya Maji Duniani, bomba la uani kwetu likakauka tangu alfajiri, tukanunua maji kwa dumu kutoka kwa kijana wa mkokoteni ambaye, nina hakika, naye alikuwa ameusoma ubao, maana alipandisha bei. Kesho yake ilikuwa Siku ya Hali ya Hewa Duniani, inayokumbuka kuanza kutumika kwa mkataba wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani tarehe 23 Machi 1950, na siku hiyo maji yakaja kwa wingi, ila yalipitia kwenye paa.

Kuhusu hali ya hewa yenyewe, kosa la Mwalimu ni kwamba hajui kuandika "mvua" akanyamaza. Ataandika kwamba kaskazi, upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, sasa umechoka. Kwamba kusi unajiandaa kushika zamu. Na kwamba katikati ya makabidhiano hayo ndipo ukanda wa mvua unapopita juu yetu ukielekea kaskazini, nasi tukapata masika ya Machi hadi Mei. Ni maelezo mazuri sana kwa mtu mwenye muda. Mimi nilitaka kujua kama nichukue mwavuli, na nilipomaliza kusoma sababu za mvua nilikuwa nimekwisha kulowa. Katika jambo moja tu simtanii: anapoandika kwamba Mto Msimbazi umejaa, kijiwe kizima hunyamaza, kwa kuwa wapo pale waliokuwa mabondeni Desemba 2011, maji yalipoua makumi ya watu, na waliobaki bila makazi wakapelekwa Mabwepande.

Historia ndiyo inayonitia matatani kazini. Tarehe 27 Agosti ubao ulitujulisha kwamba siku kama hiyo, mwaka 1896, Zanzibar ilipigana na Uingereza vita ambavyo wengi huvihesabu kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Khalid bin Barghash alikuwa amejitwalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, wakampa hadi saa tatu asubuhi aondoke jumbani, akakataa. Mizinga ya manowari ikaanza kufyatuliwa, na baada ya dakika 38, au zaidi kidogo kwa hesabu za wengine, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Sasa nawaomba mnipimie haki. Saa tatu kamili asubuhi hiyo mimi nilikuwa ndani ya daladala pale Magomeni, kwenye foleni, nikielekea ghalani Kariakoo. Katika muda ambao watu wale walianza vita, wakabomoa jumba, wakazamisha meli ya sultani na kumfanya akimbilie kwenye ubalozi wa Wajerumani, gari letu lilikuwa halijavuka Jangwani. Nilimweleza bosi wangu hayo yote kama utetezi wa kuchelewa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza sultani alikwenda wapi baadaye, nikamjibu kwamba Wajerumani walimleta kuishi hapa hapa Dar es Salaam, mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Akasema kwamba hata sultani huyo, pamoja na kupigwa mizinga, alifika. Kisha akanikata posho ya chakula.

Tarehe nyingine zimebebeshwa mizigo miwili miwili. Tarehe 5 Februari ni ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na ya kuzaliwa kwa CCM mwaka 1977. Sabasaba ilitutosha kabisa kama siku iliyoanzishwa TANU mwaka 1954, na ya kupeleka watoto kwenye maonyesho ya biashara Barabara ya Kilwa wakarudi na maputo huku baba akirudi kwa miguu; lakini UNESCO nao wakaichagua kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu hapo Mwalimu huitumia kutusahihisha sarufi kwa sauti kubwa kuanzia alfajiri. Mwezi Mei sitaki hata kuugusa: jodari ana siku yake tarehe 2, nyuki tarehe 20, chai tarehe 21, na kiazi, ndugu zangu, kiazi kina siku yake tarehe 30, imepitishwa na Umoja wa Mataifa, wakati mtunza stoo kama mimi hana.

Mara moja tu nilijaribu kuutumia ubao kwa manufaa. Tarehe 19 Novemba ni Siku ya Choo Duniani, na chetu, kinachotumiwa na wapangaji wote wa nyumba, kilikuwa hakina mlango bali pazia la gunia. Tukamwita mwenye nyumba, tukamsomesha ubao neno kwa neno. Aliguswa sana. Jioni ile alileta mlango wa bati pamoja na kufuli, na ufunguo akabaki nao mwenyewe, hadi kila mmoja alipe mchango wa mlango.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kwa dhati siku iliyo tupu. Nilipata matumaini Mwalimu alipoeleza kuhusu mwaka wa Nairuzi, ambao wazee wa pwani na mabaharia waliuhesabu kwa miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36, kisha siku tano zinazobaki nje ya hesabu ya miongo. Siku tano zisizo na kwao! Nikauliza kama hizo zinaweza kuwa za kupumzika. Akanijibu kwamba mwaka ukigeuka watu wa Makunduchi kule Zanzibar huwa na sherehe ya Mwaka Kogwa, wakipigana kwa mapande ya migomba na kuchoma kibanda, kwa hiyo nisizungumzie kupumzika.

Kisha "Je, wajua?" ya mwezi Oktoba ikanionyesha pepo. Mwaka 1582, Papa Gregory XIII alipoirekebisha kalenda iliyokuwa ikizidisha mwaka kwa dakika kama 11, nchi kama Italia, Hispania na Ureno zililala usiku wa tarehe 4 Oktoba zikaamka tarehe 15. Siku kumi hazikuwapo. Hakuna aliyezaliwa, hakuna azimio, hakuna sare ya kitenge. Nilitembea na furaha hiyo hadi nilipokumbuka kwamba wapangaji wa huko walikuwa na mwezi wa siku 21, na kwa jinsi ninavyowafahamu wenye nyumba, kodi ililipwa ya 31.

Nikaamua kwenda kwa mhusika. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba, kwa unyenyekevu wote, aache ubao mtupu siku moja tu. Alinitazama kwa muda, akakubali.

Asubuhi iliyofuata ubao ulikuwa mweusi na safi, na mbele yake umati. Muuza kahawa alikuwa akieleza kwamba Mwalimu amezidiwa usiku na kupelekwa hospitali. Dereva wa bodaboda alipinga, akasema kuna kimbunga kinakuja kama Hidaya ya Mei 2024, na Mwalimu ameambiwa asiandike ili watu wasitaharuki. Kwa kusikia hivyo, akina mama wawili walikuwa tayari wanakimbilia dukani kununua unga na viberiti. Kijana mmoja alitaka kujua kama ofisi zimefungwa. Nilijaribu kufafanua kwamba leo hakuna jambo lolote, nikazomewa kwamba ninaficha kitu, na daladala yangu ikapita.

Mwalimu alitokea akiwa mzima, na mswaki mdomoni. Akawatazama watu, akanitazama mimi, akachukua chaki na kuandika kwa herufi kubwa: LEO NI SIKU YA UBAO MTUPU, ITAADHIMISHWA KILA MWAKA. Watu wakapiga makofi. Kisha akapitisha kofia ya mchango wa chaki, na kwa kuwa mimi ndiye mwasisi, ilianzia kwangu.