Sadaka ya Kutafuta Thawabu Bado ni Ukarimu?

Alfajiri, katika mitaa ya Thailand, watawa wa Kibudha hupita peku wamefuatana, kila mmoja na bakuli lake. Mama mwenye duka anavua viatu, anatia ndani ya bakuli wali wa moto na kifuko cha mchuzi kilichofungwa kwa rababendi, kisha anapiga magoti. Mtawa hasemi asante. Anamsomea baraka fupi, anakwenda zake. Anayejiona amefadhiliwa ni yule mama: amepata nafasi ya kuchuma thawabu.

Kuna wanaoiona hii kuwa biashara, na miongoni mwao wamo Wabudha wenyewe. Unatoa wali leo ili uvune maisha yajayo. Bangkok madukani kumepangwa ndoo za manjano za kupeleka hekaluni, zimeshafungwa tayari, ndani mna sabuni, dawa ya meno na vikorokoro vingine. Mnunuzi hana haja ya kujiuliza mtawa amepungukiwa na nini. Lawama hii naikubali, hasa pale thawabu inapopimwa kwa unene wa bahasha.

Ila haikugundua jambo jipya. Katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Kibudha, Buddha anamweleza mwanafunzi wake Sariputta kwamba watu hutoa kwa nia tofauti: yuko anayetoa akitarajia malipo baada ya kufa, yuko anayefuata desturi ya wazazi, na juu yao wote yuko anayetoa ili kuupamba moyo wake. Yule wa kwanza hafukuzwi. Amewekwa ngazi ya chini. Ndiyo maana dana, yaani utoaji, hutangulia maadili na tafakuri katika mafunzo ya waumini. Mkono uliozoea kuachia kila asubuhi hulegea, hata kama ulianza kwa tamaa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kijiko cha wali kinamtosha mwenye duka kufanya zoezi hilo.

Kinachonishawishi zaidi ni yaliyotokea Myanmar Septemba 2007. Baada ya wenzao kupigwa, watawa waliyageuza mabakuli yao kifudifudi, wakakataa sadaka za watawala wa kijeshi na familia zao. Ingekuwa biashara tupu, nani angemfukuza mteja tajiri kuliko wote? Majenerali wale walikuwa na fedha za kujenga mahekalu, lakini bakuli lililogeuzwa halipokei hata punje.