Wodini kwetu, nani anamuuliza mgonjwa moyo wake?

Leo kazini nimefurahi mpaka nikakasirika. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, muuguzi wa wodi ya saratani hapa Hamburg. Babu mmoja wa Kijerumani, kalazwa kwa saratani ya mapafu, alipewa karatasi yenye picha ya kipimajoto, 0 mpaka 10: weka alama, dhiki ya moyo wako wiki hii imefika wapi? Akaweka 8. Kuanzia 4 au 5 huachwi hivi hivi. Mchana ule ule akaja mwanasaikolojia, akavuta kiti, wakazungumza wee. Jioni daktari wa magonjwa ya akili akapitia dawa zake za usingizi. Hakuna aliyemwona kichaa.

Sasa kwetu Tanga, mwambie mgonjwa wa saratani kwamba daktari wa akili anakuja kumwona. Ukoo mzima utajua anapelekwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili! Hata jina la maradhi yake tunamficha. Mama mdogo wangu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, wakubwa wakaamua aambiwe ni uvimbe. Akapandishwa basi mpaka Dar kupigwa mionzi Ocean Road, bado ni uvimbe, na mama wa watu anajua kusoma. Kibao cha Taasisi ya Saratani alikiona kwa macho yake. Akanyamaza.

Najua mtakachosema. "Huyu keshaonja Ulaya, anatuona washamba." Hapana, ndugu zangu. Kwa kuuguza Tanga hatuna mpinzani, na ninajivunia. Babu yule hana hata wa kumletea maji. Mama mdogo alikuwa na chupa za uji zimejaa dirishani, mashoga zake wa darsa hawakatiki, na usiku yupo wa kumkanda miguu. Lakini wote waliingia na neno moja: "Utapona inshallah, usiwaze." Ukishaambiwa usiwaze tangu asubuhi mpaka magharibi, utamwambia nani kwamba unaogopa? Akageukia ukutani, chakula hataki. Wakasema anadeka.

Hakuwa anadeka. Mwaka 2011 zilijumlishwa tafiti nyingi za wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu hospitalini, ikaonekana takriban 1 kati ya 6 ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona inatibika. Fluoksetini na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, wala si dawa za kitajiri. Na hawa wenzetu hawakuzaliwa wakijua haya. Hata kule New York, daktari Jimmie Holland alianza huduma ya akili kwa wagonjwa wa saratani mwaka 1977 tu, kabla yake wagonjwa wa huko nao walikuwa wakifichwa majina ya maradhi yao.

Halafu kuna kuweweseka. Usiku mmoja mama mdogo akaanza kumwita mama yake aliyekufa zamani, anachomoa dripu, anaona watu juu ya kabati. Mchana anatulia, usiku yale yale. Kapandisha, wakasema, na wa kumfuata mganga akapatikana. Daktari kijana wa zamu, Mungu ampe umri, akawaomba wasubiri. Akampima, akakuta maambukizi ya njia ya mkojo na mwili umekauka maji. Akamtibu, taa ikaachwa inawaka, akakaa naye mtu anayemjua. Siku chache baadaye mama anauliza nani kalipa ada ya mjukuu wake.

Ndivyo hasa wanavyofanya huku. Mgonjwa akichanganyikiwa ghafla wanatafuta kwanza homa, upungufu wa maji, mkojo uliozuilika, kalsiamu iliyopanda kwa sababu saratani imefika mifupani, mofini ya maumivu iliyozidi, au dawa ya deksamethasoni inayomkesha mtu. Kwa hiyo msiniambie sisi hatuwezi! Yule kijana aliweza, tena kwa vifaa vile vile mnavyovilalamikia.

Utaniuliza madaktari wa akili tunao wangapi. Wachache, nami najua. Basi aanze muuguzi wa zamu: umelala? unaogopa nini? kuna jambo hutaki watoto walisikie? Mgonjwa akionekana amezama kwenye huzuni, huyo ndiye aitiwe mtaalamu, hata kwa simu. Na wewe unayesema mgonjwa anahitaji dua tu, dua asomewe, mimi mwenyewe namsomea. Shekhe na daktari wanaingia mlango mmoja na hawajawahi kugombana ila midomoni mwetu.

Jambo gumu kuliko pesa litakuwa hili: muuguzi akishavuta kiti, ndugu mtoke nje. Wote, hata dada mkubwa. Mama mdogo asingesema neno mbele yenu, kwa sababu alikuwa anawaonea huruma nyinyi.