Mgeni wa Thar na Kutch ananunua nini hasa?

Kuanzia Novemba hadi Februari, joto likishapungua magharibi mwa India, kwenye jangwa la Thar na wilaya ya Kutch katika jimbo la Gujarat, magari ya watalii hutoka Jodhpur, Jaisalmer na Bhuj kuelekea vijijini. Matangazo ya safari hizi yanafanana mno: siku kadhaa za makabila na vijiji vya jangwani, ndani yake Wabishnoi, Wabhil, Warabari, Wameghwal, wanamuziki wa Kimanganiyar, na ukishuka hadi msitu wa Gir, Wasidi wenye asili ya Afrika. Wote wanatiwa kapu moja, ilhali wengine ni wafuasi wa dhehebu fulani, wengine wafugaji, wengine watu wa tabaka lililobaguliwa kwa karne nyingi, na ni baadhi yao tu ambao sheria ya India inawatambua kuwa makabila.

Kuhusu safari hizi watu wamegawanyika. Kuna wanaosema utalii umepeleka fedha mahali kama Jaisalmer, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 200 na kilimo ni bahati nasibu. Kuna wanaosema umewageuza binadamu kuwa maonyesho. Mimi naona kila upande una haki mahali pake, na kinachoamua ni bidhaa gani inauzwa, na nani aliyepanga bei na masharti.

Tuanze na watetezi, maana hoja yao ni nzito kuliko wakosoaji wengi wanavyokiri. Wakalbelia wa jimbo la Rajasthan walikuwa watu wa kuhamahama, wengi wao bila shamba, wakiishi kwa kuchezesha nyoka kijiji hadi kijiji. Sheria ya kulinda wanyamapori ya mwaka 1972 ikapiga marufuku kazi hiyo. Kwa nyoka ilikuwa heri, kwa Wakalbelia ilikuwa njaa. Kilichowaokoa wengi ni ngoma ya wanawake wao. Gulabo Sapera, ambaye husimulia mwenyewe kwamba alizikwa hai siku aliyozaliwa kwa kuwa ni mtoto wa kike, alipanda jukwaani miaka ya 1980 na kuifikisha ngoma hiyo Marekani na Ulaya. Mwaka 2010 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, na mwaka 2016 serikali ya India ikamtunuku Gulabo nishani ya Padma Shri. Ukimwambia binti wa Kikalbelia kwamba kucheza mbele ya watalii kunaishusha hadhi mila yake, ana haki ya kukuuliza ulitaka ale nini.

Wamanganiyar nao wana hadithi inayokaribiana na hiyo. Ni Waislamu ambao kwa vizazi vingi wameimba kwenye harusi na sherehe za uzazi za mabwana zao, wengi wao Warajput, tabaka la Kihindu la watawala na wapiganaji, wakilipwa nafaka na mifugo. Baada ya uhuru, ukabaila wa ardhi ukafutwa na mabwana wenyewe wakafilisika. Mtafiti Komal Kothari, mmoja wa waasisi wa taasisi ya Rupayan Sansthan mwaka 1960, aliwarekodi na kuwapeleka majukwaani ndani na nje ya India. Leo mgeni wa hotelini amechukua nafasi ya bwana. Kuna kinachopotea hapo, nakubali. Kwenye harusi mwimbaji aliweza kukesha akitaja ukoo mzima wa mwenyeji, hotelini anapewa nafasi ya nyimbo mbili tatu kabla ya chakula cha jioni. Hata hivyo kamaicha, ala yao ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, bado inalia, na anayeipiga analipwa kwa ufundi wake.

Mfano safi zaidi wa upande huu uko Nirona, kijiji cha Kutch ambako ukoo wa Khatri unachora kwa rangi ya rogan. Mafuta ya mbarika huchemshwa kwa saa nyingi hadi yawe mazito kama utomvu, kisha yanachanganywa na rangi. Fundi hukaa chini, akaweka donge la rangi kwenye kiganja cha kushoto, akalikoroga kwa kijiti cha chuma mpaka livute uzi mwembamba kama unywele. Uzi huo ndio anaoutandaza juu ya kitambaa, bila kalamu, bila mchoro wa kufuatisha. Akimaliza nusu ya picha anakunja kitambaa, na nusu ya pili inajichapa yenyewe. Zamani walionunua walikuwa wafugaji na wakulima wa jirani, kwa ajili ya sketi na nguo za bi harusi. Nguo za viwandani zilipojaa sokoni, soko hilo likafa. Leo wanunuzi ni wageni, na mwaka 2014 waziri mkuu Narendra Modi alimzawadia Barack Obama michoro ya rogan kutoka Nirona. Anayefika pale anamkuta fundi kazini, anatazama, anauliza bei, anaondoka na kitambaa au mikono mitupu. Hakuna aliyevuliwa utu wake.

Sasa njoo Jodhpur. Safari za magari ya jeep za kwenda vijiji vya Wabishnoi huwa na mpangilio uliozoeleka: swala, mfinyanzi, mfuma mazulia, kisha nyumba ya mzee anayewakaribisha wageni kwa afyuni. Mzee mwenye kilemba husaga kipande cha afyuni, akakilowesha kwa maji na kuyachuja kupitia kitambaa kilichoning'inizwa kwenye kigoda cha mbao. Maji yale anayamimina kwenye kiganja chake, na mgeni anainama kuyanywa humo humo. Kamera zinalia. Watetezi wanasema, na ni kweli, kwamba desturi hii haikubuniwa kwa ajili ya watalii, kwani katika eneo la Marwar afyuni imetumika tangu zamani kukaribishia wageni na kupatanishia wagomvi. Lakini Wabishnoi ni wafuasi wa Guru Jambheshwar, aliyeanzisha njia yao mwaka 1485 kwa amri 29, na miongoni mwa amri hizo imo inayokataza afyuni, pamoja na tumbaku, bangi na pombe. Najua amri na maisha ni vitu viwili, na wapo Wabishnoi wanaoitumia kama majirani zao. Ila mgeni anarudi kwao akiamini ameonja moyo wa dini yao, kumbe ameonja kitu ambacho mwalimu wao alikikataza.

Hili linaniuma kwa sababu Wabishnoi wana mengi ya kusimulia. Mwaka 1730 watu wa mtawala wa Jodhpur walifika kijiji cha Khejarli kukata miti ya khejri. Mwanamke aitwaye Amrita Devi alikumbatia mti akauawa, na kwa mujibu wa kumbukumbu za jamii hiyo watu 363 walikufa siku zile kwa ajili ya miti. Moto huo haujazimika. Mwaka 1998 wanakijiji wa Kankani walidai mwigizaji wa sinema Salman Khan amewinda swala weusi karibu na makazi yao, na walitoa ushahidi katika kesi iliyodumu miaka 20. Mwaka 2018 mahakama ya Jodhpur ikamtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, akakata rufaa na kupewa dhamana. Jamii ya wanakijiji inayosimama mahakamani miongo miwili kwa ajili ya swala ni jambo la kusafiri mbali kulisikia. Ratiba ya jeep inataka kilemba na kiganja.

Hatari nyingine ya safari hizi ni kuwataka watu wabaki kama picha ya zamani. Warabari wa Kutch wanajulikana duniani kwa darizi zenye vioo vidogo. Kwa Warabari wa tawi la Dhebaria, msichana hakwenda kwa mumewe mpaka amalize kudarizi nguo na mapambo ya kwenda nayo, kazi ya miaka. Harusi zilichelewa, familia zikaelemewa. Katika miaka ya 1990 wazee wa Dhebaria wakaamua: darizi marufuku kwa matumizi ya jamii. Wapenzi wa sanaa walilia. Wanawake wenyewe walihamia kwenye utepe na lesi za dukani, wakazishona kwa mtindo wao mpya, na Pabiben Rabari wa kijiji cha Bhadroi akaugeuza mtindo huo kuwa biashara ya mikoba inayowapa kazi wanawake wenzake. Mgeni anayekuja kutafuta mila halisi akaiona mikoba hiyo kama bidhaa ya kisasa iliyopotoka, atakuwa anawanyima Warabari haki ambayo kila mtu anajipa mwenyewe, haki ya kubadilika.

Katika malazi, Kutch inatoa mizani nzuri. Huko Dhordo, pembeni ya uwanda mweupe wa chumvi, serikali ya Gujarat ilianzisha tamasha la Rann mwaka 2005. Lilianza likiwa la siku chache, leo linachukua miezi, na mji wake wa mahema unaendeshwa na makampuni. Umeleta wateja ambao vijiji visingewapata peke yake, na mwaka 2023 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa liliitaja Dhordo miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Jirani yake, Hodka, wanakijiji wanamiliki makazi yao ya wageni, yaliyoanzishwa kwa msaada wa serikali ya India na Umoja wa Mataifa, yenye nyumba za mviringo za udongo zinazoitwa bhunga, za aina iliyostahimili tetemeko la Januari 2001 kuliko majengo mengi. Fedha za chumba zinaingia kijijini kwanza. Kama ningechagua pa kulala, ni Hodka bila kusita.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mzani mgumu zaidi uko Gir, kwa Wasidi wa kijiji cha Jambur na jirani zake. Hawa ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wakiwa watumwa, na ngoma yao bado inaitwa goma. Asili yake ni ibada kwa walii wao Bava Gor, aliyezikwa Ratanpur. Jioni, kwenye hoteli za wageni waliokuja kuona simba, vijana wao hupakwa rangi usoni, huvaa manyoya ya tausi, hurusha nazi juu na kuipasua kwa kichwa. Malipo yale yanalisha nyumba na kuwatia vijana hamu ya kujifunza kupiga ngoma. Lakini maonyesho yanawauza kama Waafrika wa porini, jirani wa simba, katika nchi ambayo wao ni raia tangu zamani na bado huulizwa wametoka wapi. Siwezi kumwambia kijana wa Jambur aache kwenda hotelini. Naweza kumwambia wakala wa safari kwamba manyoya yale si ibada, na asiyatangaze hivyo.

Jambur hiyo hiyo ndiko alikotoka Hirabai Lobi, aliyepewa Padma Shri mwaka 2023 kwa kuwaunganisha wanawake wa Kisidi katika vikundi, kufungua shule za chekechea na kutengeneza mboji ya kuuza. Saa moja na wanawake wa vikundi hivyo, kwa bei watakayoipanga wenyewe, inatosha kuingia kwenye ratiba yoyote ya Gir bila kumpunguzia mtu simba hata mmoja.