Gari ilivyochuchumaa mbele ya mama mkwe

Jamani ukienda kumpokea mkwe nenda na chombo unachokijua, hata kama ni baiskeli. Mimi nikajitia kwenda stesheni ya Kigoma na Mjerumani wangu wa 2001, viti vya ngozi, mlango ukiuegesha tu unajivuta wenyewe kufunga. Nilimnunua kwa hela ya bajaji mpya, na hapo ndo ningejiuliza mbona rahisi hivi ila sikujiuliza.

Sasa hii gari haina springi kama hizi zetu, imekalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo na kuna kikompresa kinaijaza, mpira ukizeeka unapata vinyufa upepo unavuja kidogokidogo. Fundi alishamwagia maji ya sabuni pale, povu likachemka kama la beseni la kufulia, akasema bro hii ukiizima muda mrefu italala. Nikamwambia ngoja kwanza mkwe aje.

Nikafika mapema, nikazima. Treni ikaingia, mama mkwe huyo anashuka katoka Tabora na mchele na madumu mawili ya asali, shikamoo mama, marahaba baba, nikabeba mzigo kifua mbele. Kutoka nje nakuta watoto wameizunguka gari. Imelala, matairi yamemezwa nusu, utadhani kuku anaatamia.

"Baba, mbona gari yako imechuchumaa?"

"Inapumzika mama." Sijui hata lile jibu lilitoka wapi.

Nikampandisha nyuma, nikawasha. Kikompresa ngrrrr, kimya, ngrrrr, halafu gari ikaanza kuamka, na iliamka kama ng'ombe, matako kwanza, mama wa watu kaegemea mbele kang'ang'ania kiti changu kwa mikono miwili anasoma dua zote anazozijua (na Kigoma yetu mnajua inavyosemwa huko nje kwa uchawi), watoto wanashangilia "inaamkaaa!" Mbele kulia ikagoma kabisa. Dashibodi ikaandika kwa kizungu chake simama, gari iko chini mno, kama vile mimi sijaona.

Nikalazimisha, tairi linasugua bodi krrr krrr. Katikati ya mlima wa kupanda Mwanga ikaja harufu ya kitu kinaungua, kikompresa kikanyamaza, na matako nayo yakashuka taratiiibu, psssss.

Bajaji ikasimama bila kuitwa. "Bosi, mimi upepo wangu uko kwenye matairi tu," jamaa akasema, akapakia mama, mchele, asali, wakaondoka. Mama hakugeuka nyuma.

Baadaye fundi kang'oa mifuko yote kaweka springi za chuma, sahivi inarusha kama lori la mkaa ila imesimama. Mama mkwe akipiga simu asubuhi anauliza mmeamkaje wanangu, wajukuu wameamka salama, halafu anashusha sauti kidogo: "Na gari je baba, imeamka?"