Ligi ikilishwa na mfuko mmoja: Ufaransa wameshalipia, sisi tuna mpaka 2031

Ubishi ulianzia kibanda umiza cha mtaani kwetu, mechi ikiwa mapumziko. Jamaa mmoja kasema mpira wa dunia unakufa kifedha, klabu zote zinadaiwa, siku yoyote utasikia ligi imefungwa. Mwingine akamcheka, akamwambia wewe umezaliwa umeikuta Yanga inadaiwa na utakufa utaiacha inadaiwa na uwanja utajaa vilevile. Nimeutafakari ule ubishi wiki nzima, na kila mmoja ana pointi yake, ila kwangu mimi kabla ya kuuliza ligi ina deni kiasi gani ningeuliza kwanza hela yake inatoka kwa watu wangapi, na yule mkubwa wao akisusa kesho nini kinabaki.

Tuanze na Ufaransa maana pale mambo yote yametokea hadharani.

Mei 2018 ligi yao iliuza haki za matangazo za kuanzia 2020 mpaka 2024, jumla ikavuka euro bilioni moja kwa msimu, na fungu kubwa, karibu euro milioni 800 kwa mwaka, likaahidiwa na Mediapro, kampuni ya Kihispania ambayo wakati huo hata chaneli ya kuonyeshea hiyo ligi Ufaransa ilikuwa haina. Canal+, televisheni ya kulipia iliyobeba mpira wa kule tangu miaka ya 80, wakaachwa kwenye mataa. Mabosi wa klabu wakashangilia, na kilichofuata unakijua kama umewahi kumuona mtu aliyeambiwa mkopo wake umepita, hela haijaingia ila sofa ameshachukua dukani. Mishahara mikubwa ikasainiwa, usajili ukafanyika. Chaneli yenyewe, Téléfoot, ikaanza Agosti 2020 kwa euro 25 na ushee kwa mwezi, ilihitaji wateja mamilioni ikapata laki kadhaa, na Oktoba mwaka huohuo Mediapro wakashindwa kulipa awamu ya euro milioni 172. Desemba wakakubali kutoa milioni 100 za kuagana, wakasepa. Na hapo corona ilikuwa imeshaukata msimu uliopita katikati na viwanja vilikuwa havina watu, kwa hiyo hata hela ya mlangoni ya kujishikiza haikuwepo.

Ungedhani wamejifunza. 2021 Amazon wakachukua mechi nane kati ya kumi za kila raundi kwa euro milioni 250 tu kwa mwaka, wakati Canal+ walikuwa wamefungwa na mkataba wa zamani wa kulipa milioni 332 kwa mechi mbili, yaani mechi mbili ghali kuliko nane, na uhusiano wa ligi na Canal+ ukaharibika. 2022 hela ikawa imebana, wakauza asilimia 13 ya kampuni ya biashara ya ligi kwa wawekezaji wa CVC kwa euro bilioni 1.5, na siyo kwa miaka kumi, ni maisha. PSG wakachota milioni 200, Marseille na Lyon 90 kila mmoja, na Le Havre ambao siku ya mkataba walikuwa daraja la pili wakaambulia milioni 1.5, wakaenda mahakamani. Kisha 2024, wiki chache kabla msimu haujaanza, wakampata DAZN, kampuni ya kuonyesha michezo mtandaoni, kwa milioni 400 kwa mwaka huku bosi wa ligi Vincent Labrune alikuwa ameahidi watu bilioni. DAZN akaja na bei ya karibu euro 30 kwa mwezi ukijifunga mwaka mzima, karibu 40 ukigoma kujifunga. Watu wakahamia Telegram kuangalia bure. Februari 2025 DAZN akazuia nusu ya malipo, Mei akavunja mkataba baada ya msimu mmoja.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni kwamba Ufaransa hawana shida ya usimamizi. Wana DNCG, chombo kinachokagua mahesabu ya klabu kila mwaka na chenye meno kweli, kinaweza kukushusha daraja hata kama uwanjani ulimaliza juu. Bordeaux, mabingwa mara sita, waliokuwa klabu ya kulipwa tangu 1937, mwaka 2024 waliishia kuachia hadhi hiyo na kuangukia daraja la nne. Lyon walishushwa daraja kwenye karatasi Juni 2025, wakakata rufaa, bosi wao John Textor akakaa pembeni, Michele Kang akashika nafasi yake, wakanusurika Julai. Kwa hiyo mkaguzi alikuwepo na alifanya kazi yake, ila mkaguzi anaangalia vitabu vya klabu mojamoja na ugonjwa ulikuwa kwenye bomba linalozilisha zote.

Sasa tumpe nafasi yule aliyecheka pale kibandani, maana hoja yake si nyepesi.

Klabu za mpira hazifi kirahisi. Bordeaux wapo wanacheza. Bury ya Uingereza ilifukuzwa kwenye ligi 2019, miaka minne baadaye jina limerudi kwenye uwanja uleule wa Gigg Lane. Nitajie kampuni ya simu iliyofilisika watu wakachanga irudi. Na hata Ufaransa, ligi ilipokosa mnunuzi ikaanzisha chaneli yake yenyewe Agosti 2025, Ligue 1+, euro 14.99 kwa mwezi, na ndani ya wiki chache wakapita wateja milioni moja, namba ambayo DAZN hakuisogelea. Maana yake watu walikuwa wanautaka mpira, walichokataa ni bei. Hela inayofika kwenye klabu kwa sasa ni ndogo sana ukilinganisha na zile ahadi za 2018, kweli, lakini inatoka kwa watu milioni na zaidi, na hawawezi kuamka siku moja wote kwa pamoja wakasusa kulipa awamu. Halafu usisahau PSG walibeba ubingwa wa Ulaya mwezi huohuo DAZN anaondoka, tano bila dhidi ya Inter. Juu kabisa hali ni shwari. Mkwamo unawakuta wa katikati na wa chini, na wafanyakazi wa klabu ambao hakuna anayewaimba uwanjani.

Ila kuna mahali ambapo timu inakufa kweli, ni pale isipokuwa na mwenyewe zaidi ya tajiri. China ndo mfano. Jiangsu Suning wamechukua ubingwa Novemba 2020, Februari 2021 tajiri kasema hana tena hela ya mpira, timu ikafungwa, bingwa mtetezi hayupo. Guangzhou, mabingwa mara nane wa China na mara mbili wa Asia, walikuwa wanalishwa na kampuni ya nyumba ya Evergrande, kampuni ikazama kwenye madeni na Januari 2025 timu nayo ikavunjwa. Saudia wanaojaribu hii njia sasa ni tofauti kidogo, mfuko ni wa taifa, PIF walichukua asilimia 75 ya klabu nne kubwa Juni 2023, na mfuko wa taifa haufilisiki kirahisi. Ila mfuko wenyewe unaweza kubadili mawazo tu.

Wajerumani ndo wamenifurahisha. Kule sheria yao ya 50+1 inataka wanachama wabaki na kura nyingi kwenye klabu, na ligi ilipotaka kuuza sehemu ya mapato yake ya baadaye kwa mwekezaji, mashabiki wakaanza kurusha mipira ya tenisi uwanjani, na chokoleti za duara zilizofungwa karatasi ya dhahabu kama sarafu, mechi zinasimama dakika kumi watu wanaokota. Februari 2024 mpango ukafutwa. Kuna wanaosema wamejinyima hela wakati Waingereza wanazidi kuwaacha, na ni kweli Waingereza wanawaacha mbali. Mimi nawaelewa wote, ila ningekuwa shabiki wa Bochum ningerusha mpira wangu wa tenisi.

Turudi nyumbani. Hapa ndo mtu wa kukataa hela ya tivii inabidi anieleze vizuri, maana sisi tunakumbuka kulivyokuwa. Yusuf Manji kajiuzulu Yanga Mei 2017 na timu ikabaki inatembeza bakuli, kocha Mwinyi Zahera badala ya kuongelea mfumo anahamasisha mashabiki wachange. Msimu wa 2018/19 ligi yetu ilichezwa na timu 20 bila mdhamini mkuu, timu zinakatiza nchi kwa basi, mshahara ni hadithi. Halafu Mei 2021 TFF na Azam Media wakasaini mkataba wa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6, NBC akaja kulipia jina la ligi, na tumeona matunda: Yanga fainali ya Shirikisho 2023, Simba fainali ya Shirikisho 2025, wachezaji wa nje wanaikubali ligi yetu. Kama huo ni utegemezi basi ni utegemezi uliotulisha vizuri.

Lakini angalia wenzetu Kenya. 2017 SuperSport kaondoka baada ya mvutano wa kuongeza timu kwenye ligi, 2019 SportPesa kaondoka kwa ugomvi wake na serikali wa kodi na leseni, BetKing kasaini miaka mitano 2020 na mwaka uliofuata hayupo. Wafadhili watatu ndani ya miaka mitano, na kila mmoja aliondoka kwa sababu yake, hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa sababu Gor Mahia imekosa mashabiki.

Na sisi tulipojaribu kuongeza mfuko wa pili tuliona kilichotokea. Novemba 2021 GSM wakaja kudhamini ligi, Simba wakagoma kuvaa nembo ya mtu anayeifadhili Yanga, na Februari 2022 GSM wakajitoa. Wengi waliwalaumu Simba, mimi siwalaumu sana, lakini hasara waliibeba timu kumi na nne zisizokuwa na ugomvi na mtu. Tena kuna hili la wenye haki za matangazo kuwa na timu ndani ya ligi, Azam Media na Azam FC ni watoto wa nyumba moja, kama vile Ufaransa Nasser Al-Khelaifi ni rais wa PSG na papo hapo mwenyekiti wa beIN, kampuni ya matangazo ya televisheni. Sisemi kuna aliyefanya ubaya. Nasema siku ya kujadili bei mpya mezani kutakuwa na mtu amekaa viti viwili.

Mkataba ule wa Azam unaisha 2031, siyo mbali. Ningekuwa Bodi ya Ligi ningeanza sasa hivi kuhesabu vibanda umiza. Pale kwetu kuna king'amuzi kimoja, kifurushi kimoja kimelipiwa, na ndani wamekaa watu themanini kila mmoja katoa mia tano, derby ni buku. Hiyo hela ipo, watu wanaitoa kwa hiari kila wiki, ila haionekani kwenye hesabu ya mtu yeyote. Wafaransa walichelewa kugundua kwamba wateja wao wamejaa kwenye Telegram, wetu tunawajua mpaka benchi wanalokaa, na leseni nafuu ya kibanda ingekuwa maelfu ya mifuko midogo badala ya mmoja mkubwa.

Ubaya ni kwamba hata hiyo buku inategemea timu mbili. Ukiacha Azam 2014, tangu 2001 hakuna bingwa mwingine zaidi ya Simba na Yanga, kwa hiyo kinachouzwa hasa ni mechi mbili kwa mwaka. Tarehe 8 Machi 2025 Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, wakagoma kucheza, mechi ikaahirishwa siku ileile, watu wa mikoani wameshashuka kwenye mabasi. Nani alikosea tutabishana mpaka kesho, ilichezwa Juni 25 na Yanga wakashinda mbili bila. Ila mwenye kibanda wetu siku ile alikuwa amekodi viti vya shughuli hamsini na kufunga turubai mpaka barabarani. Jioni nilimkuta anavipanga kwenye guta vikarudi vilikotoka, na hela ya kukodi alishalipa asubuhi.