Si kila jeni iliyosalia ilishinda

Mwaka 1956 Peter Buri alichapisha jaribio ambalo, ningekuwa na uwezo, ningelifundisha kabla ya maneno "uteuzi asilia" kutamkwa darasani. Alifuga makundi 107 ya nzi wa matunda, kila kundi madume manane na majike manane. Yote yalianza sawa, nusu kwa nusu, kwa aleli mbili, yaani matoleo mawili tofauti, za jeni moja ya rangi ya macho. Katika kila kizazi walichukuliwa nzi 16, bila kuchagua, wawe wazazi wa kizazi kinachofuata. Kufikia kizazi cha 19, makundi 30 yalikuwa yamepoteza kabisa aleli ya kwanza, na 28 yamepoteza ya pili.

Uteuzi ungeyasukuma makundi yote upande mmoja. Haya yalitawanyika pande zote mbili kwa karibu idadi ileile. Kilichoamua ni nani aliyechotwa na nani aliyeachwa.

Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea kueleza mageuzi kama ligi ambayo bora hubaki na dhaifu hutoka. Tukiona sifa yoyote kwa kiumbe, twauliza haraka: inamsaidia nini? Mara nyingine haimsaidii kitu. Ipo tu.

Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, na Weinberg, daktari wa Ujerumani, walionyesha mwaka 1908, kila mmoja kivyake, kwamba uwiano wa aleli haubadiliki ikiwa hakuna mutesheni (badiliko jipya ndani ya jeni), uteuzi wala uhamiaji, watu wanaoana bila kubagua, na jamii haina ukomo wa idadi. Vitabu huorodhesha masharti haya kana kwamba yana uzito mmoja. Mimi naona sharti la mwisho ni la namna yake. Mengine yanaweza kutimia, angalau kwa kukaribia, katika jeni fulani kwa muda fulani. Lakini jamii isiyo na ukomo haijawahi kuwepo. Kwa hiyo bahati nasibu iko kazini siku zote, na jamii ikiwa ndogo, ndivyo inavyovuma zaidi.

Kisiwa cha Pingelap, Mikronesia, kinajua. Tufani ilikipiga mnamo 1775, na baada ya njaa iliyofuata wakabaki watu wapatao 20. Inaaminika mmoja wao alibeba aleli inayoondoa uwezo wa kuona rangi zote. Leo kati ya asilimia 5 na 10 ya wenyeji wana hali hiyo, ilhali kwingineko duniani ni adimu mno. Jua kali huwaumiza macho. Aleli haikuwa na faida yoyote. Ilikuwa tu ndani ya mtu aliyenusurika, na wajukuu wakaoana wao kwa wao.

Sikatai nguvu ya uteuzi. Aleli ya selimundu inaua ikirithiwa kwa baba na mama, lakini ikirithiwa kwa mmoja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeshamiri palipo na malaria. Hapo bahati pekee haitoshi kueleza. Mutesheni nayo huleta malighafi, ila kwa mwendo wa konokono. Uhamiaji ndio naona unadharauliwa: kwa hesabu ya kawaida, mgeni mmoja tu kwa kizazi, akizaa, anatosha kuzuia makundi mawili yasiachane mbali kwa bahati tupu.

Ndiyo maana huwa sifurahi haraka nikisikia spishi "imeokolewa". Sili-tembo wa kaskazini, mamalia wakubwa wa baharini, waliwindwa kwa ajili ya mafuta yao hadi, mwishoni mwa karne ya 19, wakabaki wachache sana. Sasa wamepita 100,000. Lakini mwaka 1974 watafiti walipopima damu yao katika sehemu 24 za jeni, hawakukuta tofauti hata moja. Idadi ilikuwa imerudi. Aleli zilizokufa na wale waliochinjwa hazirudishwi na kuzaliana, hata sili wakifika milioni. Zinangoja mutesheni, na hiyo haina haraka.