Mgeni wa siku moja katika Bonde Takatifu: je, mwenyeji anapona?

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, mabasi madogo huzunguka katikati ya Cusco, kusini mwa Peru, yakikusanya watalii hoteli kwa hoteli. Wanapelekwa kwa safari ya siku moja katika Bonde Takatifu, bonde la mto Urubamba, na ratiba ni ileile kwa karibu kampuni zote: Chinchero, matuta ya Moray, mashamba ya chumvi ya Maras, chakula cha mchana Urubamba, ngome ya Ollantaytambo, magofu na soko la Pisac, kisha kurudi mjini usiku umeshaingia. Wapo wanaoiona safari hii kuwa upuuzi: magofu ya himaya nzima ya Wainka, waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania, yanatazamwa kwa mbio, na wanakijiji wanapigwa picha kama sanamu. Wapo wanaojibu kwamba bila mabasi hayo vijiji vingi vya bonde lile visingeona hata senti ya mtalii, maana wageni wangepanda treni moja kwa moja kwenda Machu Picchu, mji wa kale maarufu wa Wainka, na kuondoka.

Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili, na naona zinatumia muda mwingi mno kuhesabu saa. Siku moja ni fupi, hilo halina ubishi. Lakini kuna vituo ambavyo saa moja inampa mwenyeji haki yake, na vingine ambavyo hata wiki nzima isingempa. Waswahili tulishasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Bonde Takatifu la Wainka inafaa kuuliza, kituo baada ya kituo, ni mwenyeji gani anayepona.

Tuanze na mwili wa msafiri, kwa sababu hapo hoja ya watetezi ina nguvu na pia ina tobo. Cusco iko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anajua kichwa kinavyogonga kuelekea Horombo, kwenye mita 3,720. Basi Cusco ni jiji zima, lenye shule, masoko na foleni za magari, karibu na kimo hicho. Bonde la mto Urubamba liko chini zaidi: Pisac ni takriban mita 2,970, Ollantaytambo kama 2,790. Kushuka huko siku za mwanzo ni busara. Tatizo ni kwamba njia maarufu inaanzia Chinchero, zaidi ya mita 3,700, halafu jioni inamrudisha mgeni kulala Cusco. Faida ya kushuka inaliwa na ratiba yenyewe. Mgeni anayelala bondeni usiku wa kwanza, akapanda Cusco baadaye, anapumua vizuri zaidi, na pesa ya kitanda chake inabaki vijijini. Kampuni zinalijua hili. Lakini wateja wao wengi hulala Cusco, na hoteli za Cusco ndizo zinazowauzia safari.

Bei nayo ina mantiki. Magofu ya Pisac, Ollantaytambo, Chinchero na Moray yanaingizwa kwenye tiketi moja ya kitalii inayosimamiwa na taasisi za serikali huko Cusco. Kwa miaka mingi mgeni alilipa soli 70 (soli ni sarafu ya Peru) kwa vituo hivyo vinne kwa siku mbili, au soli 130 kwa tiketi kubwa ya siku kumi yenye vituo 16. Ukigawana basi na watu kumi na tano, pamoja na mwongozaji, siku nzima inagharimu sehemu ndogo ya nauli ya treni ya Machu Picchu. Na mwongozaji mwenyewe si mtu wa kuokotwa barabarani: sheria ya Peru ya mwaka 2005 inamtaka awe amesomea kazi hiyo na kupata cheti rasmi. Wengi wanazungumza Kihispania, Kiingereza na Kikechua, lugha ya wenyeji wa Andes, na wakipewa nafasi wanayajua mawe yao kama mfinyanzi ajuavyo udongo.

Wakipewa nafasi. Pale Pisac hawapewi.

Magofu ya Pisac yamekaa juu ya mlima, na matuta ya kilimo yakishuka mfululizo hadi karibu na mji. Yapo mamia ya matundu ya makaburi kwenye jabali la mbele, mengi yaliyokwisha kuporwa, na kwenye kilele kimojawapo kuna majengo ya ibada yenye mawe yaliyochongwa yakakaa bila chokaa. Kuyazunguka kwa miguu na kuteremka hadi mjini ni kazi ya saa mbili au tatu. Magari mengi hutoa chini ya saa moja, muda wa kupiga picha ya matuta na kurudi kwenye kiti. Hilo lingevumilika. Kisichovumilika ni kwamba uhusiano wa mlima na mji unapotea kabisa. Mji wa chini haukuzuka wenyewe. Katika miaka ya 1570 gavana wa Kihispania Francisco de Toledo aliwalazimisha watu wa Andes kuacha makazi yao yaliyotawanyika na kuhamia vijiji vilivyopangwa mstari kwa mstari kuzunguka kanisa, ili wahesabiwe, watozwe kodi na wabatizwe. Pisac ya leo ni zao la amri hiyo. Kwa hiyo muuza shali sokoni na magofu yale juu ni sura mbili za hadithi moja, lakini ratiba inazikata: kwanza "historia", kisha "utamaduni".

Na hadithi haikuishia kwa Wahispania. Ardhi nyingi za bonde ziliendelea kuwa mashamba makubwa ya mabwana hadi Juni 1969, serikali ya Jenerali Juan Velasco Alvarado ilipotangaza mageuzi ya ardhi. Na mwaka 1975 serikali hiyohiyo ikakifanya Kikechua kuwa lugha rasmi. Bibi wa miaka themanini anayeuza mahindi ya kuchemsha pale kituoni alizaliwa wakati wa mabwana. Sidhani kama kuna kasoro kubwa zaidi ya safari hizi kuliko hii: mgeni anarudi akijua jina la mfalme Pachacuti, wa karne ya 15, asijue lolote kuhusu baba wa bibi huyo.

Ollantaytambo inajitetea vizuri zaidi. Mwenye miguu na saa moja unusu anapanda ngazi, anayakuta mawe makubwa sita yaliyosimamishwa kama ukuta wa hekalu, mengine yenye uzito wa zaidi ya tani 50, yaliyotolewa machimbo ya Kachiqata ng'ambo ya mto. Hapa ndipo Manco Inca, mfalme wa Wainka aliyewaasi Wahispania, mwanzoni mwa 1537 alipomrudisha nyuma kamanda wao Hernando Pizarro kwa mishale, mawe na maji ya mto yaliyofunguliwa kwenye uwanda hadi farasi wakashindwa kukimbia. Ukishuka, mitaa ya mji bado imekaa kwenye misingi ya Wainka na mifereji inatiririka kando ya njia. Watu wanaishi humo. Wengi wa abiria hawaioni mitaa hiyo kwa sababu basi linawasubiri mlangoni mwa ngome.

Moray tuipite haraka. Ni mashimo makubwa ya duara yenye matuta kama ngazi, kubwa kuliko yote likiwa na kina cha takriban mita 30. Utaambiwa ilikuwa maabara ya kilimo ya Wainka, na utaambiwa kwa uhakika ambao wanaakiolojia hawana. Nusu saa inatosha.

Sasa tuje kwenye maduka, ambako lawama nyingi zinaelekezwa. Basi linasimama kwenye karakana ya fedha, mtu anaeleza kwa dakika kumi namna ya kutofautisha fedha halisi na ya bandia, kisha milango ya duka inafunguliwa. Kamisheni kwa anayeleta wageni ni sehemu inayojulikana ya biashara hii, Peru kama kwingineko, na mwongozaji anayelipwa kidogo kwa siku hawezi kuidharau. Wakosoaji wanasema muda wa Pisac unaliwa hapa. Ni kweli. Lakini wanapoiweka Chinchero katika kapu hilohilo nawapinga.

Kituo cha Chinchero huwa ni uwanja wa kikundi cha wafumaji wanawake. Wamevaa sketi nyeusi na koti jekundu. Wanaosha sufu kwa mzizi uitwao saqta unaotoa povu, wanaitia rangi kwa majani na maua, wanamponda mkononi mdudu mdogo wa kochinili anayeishi kwenye mpungate hadi kiganja kinakuwa chekundu kama damu, wanajipaka midomoni na kuchekesha wageni. Mzaha ni uleule kila siku. Kwa hiyo mkosoaji anasema: maigizo. Mimi nauliza, nani alisema kazi ikionyeshwa kwa mgeni inakoma kuwa kazi? Mtambo unaofungwa kiunoni ni wa kweli, mfupa wa lama, mnyama wa Andes wa jamii ya ngamia, unaokaza nyuzi ni wa kweli, na michoro ile ilikuwa inaelekea kupotea kizazi kilichopita, vijana walipoona kufuma ni alama ya umaskini. Mwaka 1996 Nilda Callañaupa Alvarez, mzaliwa wa Chinchero, alianzisha na wenzake Centro de Textiles Tradicionales del Cusco, kituo kinachofanya kazi na jumuiya kumi za wafumaji. Wanunuzi wake wakubwa ni hawahawa watalii tunaowacheka.

Shaka yangu kuhusu Chinchero iko mahali pengine. Katika vibanda vilevile vitambaa vilivyofumwa kwa majuma vinatundikwa pamoja na vya kiwandani vyenye rangi zinazong'aa, na mgeni mwenye dakika ishirini hawezi kuvitofautisha. Anachagua cha bei ndogo. Haraka inamwadhibu mfumaji hodari na kumtuza mwenye kiwanda. Hapa kweli saa zina maana. Nusu saa ya ziada, ukapindua kitambaa na kuuliza nani alifuma na kwa muda gani, inabadilisha pesa inaenda kwa nani.

Maras ndiyo inayonishawishi zaidi. Chemchemi ya maji ya chumvi inatoka mlimani na kugawanywa kwa mifereji myembamba hadi kwenye madimbwi zaidi ya 3,000 yaliyochimbwa ubavuni mwa korongo. Jua la kiangazi linakausha maji, chumvi inabaki, inakwanguliwa na kubebwa kwa magunia. Kazi hii ilikuwapo kabla ya Wahispania. Madimbwi yanamilikiwa na familia za Maras na Pichingoto, na kiingilio chake hakimo kwenye tiketi ya serikali: kinalipwa getini, kwa wenyewe. Mwaka 2019, baada ya kuona wageni wanapita kwenye kingo, wanatumbukiza mikono na kuacha uchafu, wenyeji wakafunga njia za katikati. Tangu hapo unatazama kutoka kwenye kibaraza na njia za kando. Waongozaji walinung'unika, picha nzuri zilipungua, lakini mabasi hayakuacha kwenda.

Ni jambo dogo lenye uzito. Mwenye geti aliweza kusema hapana na biashara ikaendelea. Linganisha na Pisac, ambako muuza shali hana sauti juu ya tiketi wala juu ya dakika basi linakaa. Isitoshe, watu wa Maras wana chumvi ya kuuza hata mgeni asipokuja, na kutokuja kumetokea mara nyingi. Mafuriko ya Januari 2010 yalivunja reli na barabara, na watalii waliokwama chini ya Machu Picchu wakaondolewa kwa helikopta. Mwaka 2020 Machu Picchu ilifungwa kwa miezi. Januari 2023 ikafungwa tena kwa sababu ya maandamano ya kisiasa. Kijiji chenye onyesho peke yake kinalala njaa siku kama hizo.

Mtetezi wa safari ya siku moja anaweza kuniuliza: kama umiliki ndio jambo, kwa nini basi lisipite kwa wenye umiliki wote? Swali zuri. Milimani juu ya Pisac, jumuiya za Wakechua zinaendesha Parque de la Papa, eneo la pamoja linalotunza zaidi ya aina 1,300 za viazi, baadhi zikiwa zimerejeshwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima kwa makubaliano ya mwaka 2004. Wanapokea wageni, lakini kwa mpango wao na muda wao. Basi la vituo vitano haliwezi kufika huko, na nadhani ni heri lisifike.

Ubishi huu utakuwa mkali zaidi hivi karibuni. Pale Chinchero unajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Jumuiya za hapo ziliuza ardhi yao kwa serikali, na wenyeji wengi wanauunga mkono mradi kwa sababu ya ajira. Wanahistoria na wanaakiolojia wengi walitaka usimamishwe mwaka 2019, wakihofia magofu na ziwa Piuray, ambalo Cusco inalitegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake. Sioni haki ya mtu wa mbali kumwambia mkulima wa Chinchero akatae barabara ya lami. Ninachokiona ni kwamba ndege zikitua pale, mgeni ataweza kushuka, kuona bonde na kuondoka bila kulala hata usiku mmoja, na kampuni zenye mabasi ndizo zitakazopanga mchana huo utumikeje.

Kwa anayeenda leo na ana siku moja tu, ushauri wangu ni kuacha vituo viwili au vitatu. Chinchero na Maras asubuhi, Ollantaytambo alasiri, na alale hukohuko. Pisac aiwekee siku yake, kwa magari madogo ya abiria yanayotoka Cusco mfululizo kwa nauli ndogo, apande juu mapema na kushuka kwa miguu hadi sokoni. Kampuni ikisema ratiba haibadiliki, aiulize basi linasimama dakika ngapi kwenye karakana ya fedha.